Hesabu za maji ya Kilindini: Safari ngumu kutoka programu kuukuu hadi mpya

MELI inapokaribia mlango wa bandari ya Kilindini, rubani anayeiongoza huhitaji kujua jambo moja kabla ya mengine yote: maji yana kina gani saa hiyo, na yatakuwa na kina gani saa mbili zijazo.

Swali hilo hilo, kwa maneno tofauti, huulizwa na mhudumu wa feri Likoni, na mvuvi wa Mtongwe, na mama anayesubiri maji yakupwe ili aende mwambani kusaka pweza. Wote hao hutegemea mwendo wa kujaa na kupwa kwa bahari, ambao wazee wa pwani wameuhesabu kwa mwandamo wa mwezi tangu jadi.

Siku hizi jibu huchapishwa katika jedwali. Halmashauri ya Bandari Nchini (KPA) hutoa majedwali ya maji ya Kilindini yanayoonyesha saa za maji kujaa na kupwa pamoja na kimo chake kwa kila siku ya mwaka. Majedwali ya aina hiyo huandaliwa miezi mingi kabla ya siku zenyewe kufika.

Wengi huyasoma majedwali hayo bila kujiuliza yanatoka wapi. Ukweli ni kwamba nyuma ya kila jedwali la maji kuna programu ya kompyuta, na programu nyingi za kazi hiyo duniani zina asili katika lugha za kompyuta ambazo vijana wanaohitimu vyuoni leo hawajifunzi tena.

Ndiyo sababu kazi moja ambayo haisikiki sana masikioni mwa umma imekuwa na umuhimu mkubwa: kuhamisha hesabu hizo kutoka lugha moja ya kompyuta hadi nyingine, bila kupotosha hata dakika moja ya bahari.

BAHARI KAMA ISHARA

Ili kuelewa ugumu wa kazi hiyo, ni vyema kwanza kuelewa kinachohesabiwa.

Katika bandari ya Kilindini kuna kituo cha kupimia kimo cha bahari ambacho takwimu zake za mfululizo zilianza mwaka wa 1986. Kituo hicho ni sehemu ya mtandao wa dunia wa kupima usawa wa bahari unaosimamiwa na tume ya UNESCO ya sayansi za bahari. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI), yenye makao makuu Mkomani, ng'ambo ya daraja la Nyali, imekuwa mshiriki mkuu wa kazi hiyo, kwa ushirikiano na kituo cha usawa wa bahari cha Chuo Kikuu cha Hawaii, Marekani.

Kifaa hicho hutoa orodha ndefu ya namba: kimo cha maji saa hii, kimo saa ijayo, na kuendelea hivyo usiku na mchana. Namba hizo zikichorwa kwenye karatasi hutokea mstari unaopanda na kushuka mara mbili kwa siku. Wanasayansi huuita mstari kama huo ishara, kama vile sauti ilivyo ishara kwa mtaalamu wa redio.

Ishara ya bahari ni mchanganyiko wa mawimbi mengi marefu yaliyopandana, kila moja na mwendo wake. Kubwa kuliko yote pwani ya Kenya ni lile linaloletwa na mvuto wa mwezi, ambalo wataalamu huliita M2. Hilo hujirudia kila baada ya saa 12.42. La pili, S2, huletwa na jua, nalo hujirudia kila baada ya saa 12 kamili.

Huko Kilindini wimbi la mwezi hupandisha maji takriban mita 1 juu ya usawa wa wastani na kuyashusha kiasi hicho hicho chini yake. Lile la jua ni takriban nusu yake.

Mawimbi hayo mawili yanapokutana kwa kilele, vimo vyake hujumlishwa na tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufikia kiasi cha mita 3. Hapo ndipo watu wa pwani husema ni bamvua. Yanapopingana, la jua hulipunguza la mwezi, na tofauti hubaki kiasi cha mita 1 tu. Hayo ndiyo maji mafu. Kutoka bamvua moja hadi nyingine ni siku 14 na robo tatu hivi.

Kwa kuwa wimbi la jua hufuata saa ya mchana, bamvua ya Mombasa ina desturi yake. Maji yake hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Msaka pweza anajua hivyo kwa mazoea. Programu hujua hivyo kwa hesabu.

Mbali na mawimbi hayo mawili, yapo mengine mengi madogo. Lipo linalotokana na mwezi kuikaribia dunia na kuiepuka, yapo yanayojirudia mara moja kwa siku, na yapo yanayozaliwa maji yanapopita sehemu zenye kina kifupi kama hori za Tudor na Port Reitz. Orodha inayotumiwa sana na wataalamu ina mawimbi 146, ambayo huitwa vijenzi.

Kazi ya programu basi ni mbili. Kwanza, huchukua takwimu za kituo na kutafuta kimo cha kila kijenzi pamoja na muda unaopita tangu mwezi au jua livute hadi maji ya mahali hapo yaitikie. Pili, hutumia vipimo hivyo kujenga upya ishara ya siku zijazo, na hapo jedwali hupatikana.

KUTOKA SHABA HADI FORTRAN

Hesabu hizi zilianza kabla ya kompyuta. Mwanasayansi wa Uingereza William Thomson, aliyejulikana baadaye kama Lord Kelvin, alianzisha uchambuzi wa namna hii katika miaka ya 1860. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 alibuni mashine ya magurudumu na kapi za shaba iliyojumlisha mawimbi 10 na kuchora mwendo wa maji kwenye karatasi.

Mashine za jinsi hiyo zilitumika kwa karibu miaka 100. Kisha zikaja kompyuta, na pamoja nazo Fortran, lugha iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka wa 1957 kwa ajili ya hesabu za kisayansi. Programu wakati huo zilitobolewa kwenye kadi zenye safu 80, na kila namba ilikuwa na safu yake maalumu.

Mwaka wa 1977, mtaalamu Michael Foreman wa Taasisi ya Sayansi za Bahari nchini Canada alitoa mwongozo pamoja na programu ya Fortran ya kuchambua na kubashiri maji. Kazi hiyo ilienea kote duniani, na hadi leo vipimo vyake ndivyo msingi wa programu nyingi.

Miaka 25 baadaye, mwaka wa 2002, Rich Pawlowicz, Bob Beardsley na Steve Lentz walichapisha T_TIDE, programu iliyoihamishia hesabu ya Foreman katika MATLAB, lugha inayouzwa na kampuni ya MathWorks ya Marekani. Mwaka wa 2011, Daniel Codiga wa Chuo Kikuu cha Rhode Island alitoa UTide, pia kwa MATLAB, iliyoweza kushughulikia takwimu zenye mapengo na za miaka mingi.

Baadaye UTide nayo ilihamishiwa Python, lugha iliyobuniwa na Guido van Rossum na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1991. Hesabu hizo hizo zimeingizwa pia katika R, lugha inayopendwa na wataalamu wa takwimu.

Kwa hivyo, hesabu moja ya bahari imepitia mikono na lugha kadhaa, na kila uhamisho ulikuwa na nafasi ya kuingiza kosa.

KWA NINI IHAMISHWE?

Huenda msomaji akauliza: ikiwa programu ya zamani hutoa majibu sahihi, kuna haja gani ya kuigusa? Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Sababu ya kwanza ni watu. Programu haijitunzi yenyewe. Ikitokea haja ya kuongeza kituo kipya au kurekebisha namna ya kusoma takwimu, lazima awepo mtu anayeielewa. Waliojifunza Fortran ya kadi wamestaafu au wanakaribia kustaafu, na wakiondoka bila kurithisha ujuzi wao, programu hubaki kama sanduku lililofungwa.

Sababu ya pili ni gharama. MATLAB hutumiwa kwa leseni ya kulipiwa. Kwa chuo au taasisi ya umma katika nchi inayoendelea, malipo hayo ni mzigo, na leseni inapokwisha kazi yaweza kusimama. Python na R hupatikana bure, na mwanafunzi wa Kisauni aweza kuziweka kwenye kompyuta yake bila kumwomba mtu ruhusa.

Sababu ya tatu ni uhuru. Takwimu za kila saa za Kilindini ziko wazi kwa yeyote kupitia kituo cha Hawaii. Penye takwimu za wazi na programu ya wazi, hesabu ya maji ya Mombasa inaweza kufanywa Mombasa kwenyewe, na kukaguliwa na yeyote mwenye shaka.

Hata hivyo, faida hizo huja na sharti moja: programu mpya itoe majibu yale yale. Hapo ndipo penye kazi.

MITEGO YA TAFSIRI

Kuhamisha programu hufananishwa mara nyingi na kutafsiri kitabu. Mfano huo una ukweli, ila tafsiri mbaya ya kitabu hujitangaza, kwa kuwa msomaji hukwama. Programu iliyotafsiriwa vibaya huweza kuendelea kutoa namba nzuri, zenye desimali zake, ambazo si za kweli.

Mtego wa kwanza ni namna ya kuhesabu nafasi. Katika Fortran na MATLAB, kitu cha kwanza kwenye orodha ni namba 1. Katika Python, cha kwanza ni namba 0. Mtu akinakili hesabu bila kulizingatia hilo, orodha nzima husogea kwa nafasi moja.

Ikiwa orodha iliyosogea ni ya vimo vya kila saa, basi bahari yote huhama kwa saa moja. Wakati wa bamvua ya Kilindini, katikati ya kujaa, maji hupanda karibu sentimita 80 kwa saa. Kosa la nafasi moja kwenye orodha basi ni kosa la sentimita 80 chini ya meli. Ikiwa iliyosogea ni orodha ya vijenzi, wimbi la mwezi huweza kupewa mwendo wa wimbi jingine, na jedwali zima huwa halina maana.

Mtego wa pili umo katika desturi ya zamani ya Fortran. Kitu kisichotajwa aina yake, ambacho jina lake linaanza na herufi yoyote kuanzia I hadi N, huchukuliwa kuwa namba nzima. Hesabu ikitoa 2.7 na kuwekwa chini ya jina kama hilo, kinachobaki ni 2. Waandishi wa zamani walilijua hilo na mara nyingine walilitumia makusudi kuondoa desimali. Mtafsiri asiyelijua huziacha desimali ziendelee, na majibu hutofautiana bila yeye kuona sababu.

Mtego wa tatu ni alama ndogo kupita zote: kistari cha juu. Katika MATLAB, kistari hicho kikiwekwa baada ya jedwali la namba hugeuza safu kuwa mistari. Lakini namba zikiwa za aina changamano, ambazo hubeba kimo na muda wa kuchelewa kwa pamoja, kistari hicho hicho hugeuza pia alama ya sehemu ya pili, kutoka jumlisha hadi kutoa. Amri ya Python inayoonekana kuwa sawa nayo hugeuza safu tu.

Matokeo yake ni kwamba vimo vya mawimbi hubaki sahihi kabisa, huku muda wa kuchelewa ukigeuka kuwa muda wa kutangulia. Anayekagua vimo peke yake hatagundua lolote.

Mtego wa nne ni wingi wa tarakimu. Fortran ya zamani mara nyingi ilihifadhi namba kwa biti 32, nafasi inayotosha tarakimu saba hivi. Tukihesabu saa zilizopita tangu mwanzo wa mwaka wa 1900, sasa zimezidi milioni 1. Kwa namba kubwa kiasi hicho, biti 32 haziwezi kutofautisha nyakati mbili zilizokaribiana kuliko dakika saba na nusu. Lugha mpya hutumia biti 64 na hazina shida hiyo, kwa hivyo majibu ya zamani na mapya yanaweza kutofautiana kidogo ilhali jipya ndilo sahihi. Mhakiki hana budi kujua tofauti ipi ni kosa na ipi ni maendeleo.

SIKU 366 ZILIZOFICHWA

Mtego wa tano unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ni rahisi kuuingia na ni vigumu kuuona.

Kompyuta haitunzi tarehe kama binadamu. Huihifadhi kama idadi ya siku tangu siku fulani ya mwanzo. MATLAB, kwa desturi yake ya zamani, huanza kuhesabu Januari 1 ya mwaka wa 0. Python huanza Januari 1 ya mwaka wa 1. Mwaka wa 0, kwa hesabu ya kalenda hiyo, ni mrefu, wenye siku 366. Kwa hivyo siku moja ina namba mbili tofauti katika lugha hizo, na tofauti yake ni 366.

Programu iliyohamishwa ikipewa namba ya Python huku ikidhani ni ya MATLAB, itabashiri bahari ya mwaka mwingine. Je, nini hutokea kwenye jedwali?

Siku 366 ni saa 8,784. Wimbi la jua hujirudia kila saa 12, na 12 hugawanya 8,784 bila baki. Kwa hivyo wimbi hilo halihami hata kidogo. Wimbi la mwezi, la saa 12.42, hujirudia mara 707 na kubakisha saa mbili na dakika 38 hivi.

Hivyo basi, wimbi moja hubaki mahali pake na jingine huhama kwa zaidi ya saa mbili na nusu. Kwa kuwa bamvua ni kukutana kwa mawimbi hayo mawili, siku ya bamvua nayo huhama kwa takriban siku tatu.

Hatari ya kosa hili ni kwamba jedwali linalotokea linafanana sana na jedwali la kweli. Bamvua zipo, maji mafu yapo, vimo ni vya kawaida ya Mombasa. Mkaguzi anayeangalia mchoro tu ataona bahari ya kawaida. Atakayegundua ni yule anayesimama ukingoni na kuona mwezi mpevu ukiwa juu huku jedwali likisema bamvua bado.

SAA IPI?

Mtego wa mwisho si wa lugha ya kompyuta, bali wa saa. Takwimu za kimataifa huhifadhiwa kwa saa ya dunia inayofuata Greenwich. Kenya iko mbele ya saa hiyo kwa saa tatu. Programu ya zamani huenda ilikuwa imeingiza saa tatu hizo mahali fulani katikati ya hesabu, kwa namba tupu isiyo na maelezo. Mtafsiri akiiona namba 3 isiyoeleweka na kuiondoa, au akiiacha na kuiongeza tena mahali pengine, maji huhama kwa saa tatu.

Saa tatu ni karibu robo ya mzunguko wa wimbi la mwezi. Hiyo ina maana kwamba jedwali linaposema maji yamejaa kabisa, kwa kweli yako katikati. Wakati wa bamvua hiyo ni tofauti ya takriban mita moja na nusu.

Pwani ya Waswahili ina jambo jingine la kuzingatiwa. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa macheo na machweo, kwa hivyo inatofautiana kwa saa sita na ile iliyoandikwa kwenye majedwali rasmi. Saa sita ni karibu nusu ya mzunguko wa maji. Anayesoma saa 4 ya jedwali na kuielewa kuwa saa nne ya Kiswahili hapati kosa dogo. Hupata kinyume kabisa: anatarajia maji kujaa wakati yamekupwa.

Kwa sababu hiyo, yeyote anayehamisha programu hizi kwa matumizi ya wananchi, kwa mfano kuzipeleka kwenye simu za wavuvi, hana budi kuamua mapema ni saa ipi itakayoandikwa, na kuitaja wazi kwenye kila ukurasa.

JINSI YA KUHAKIKI

Uzoefu wa kazi hii ulimwenguni umezaa taratibu ambazo si ngumu, ila zinadai subira.

Hatua ya kwanza ni kutofuta programu ya zamani. Hiyo ndiyo shahidi. Kila sehemu mpya inapokamilika, hupewa takwimu zile zile zilizopewa ya zamani, na majibu huwekwa bega kwa bega.

Hatua ya pili ni kuhamisha kipande kimoja kimoja. Programu ya maji imejengwa kwa fanksheni, yaani vipande vidogo ambavyo kila kimoja hupewa namba na kurudisha jibu. Kipo kinachotafuta mahali pa mwezi na jua, kipo kinachosoma jedwali la vijenzi, kipo kinachopima vimo. Kikihakikiwa kila kimoja peke yake, kosa huonekana lilipozaliwa. Vikihakikiwa vyote pamoja mwishoni, makosa mawili yanaweza kufunikana.

Hatua ya tatu ni kutumia bahari ya kubuni. Mhakiki hutengeneza ishara yenye wimbi moja tu ambalo kimo na kuchelewa kwake anavijua, kisha huuliza programu ilichoona. Ikirudisha namba zile zile alizoziweka, kipimo kimefaulu. Kipimo hiki ndicho hukamata alama iliyogeuzwa na nafasi iliyosogea.

Hatua ya nne ni kukagua jedwali la namba za msingi, mstari kwa mstari. Katika orodha ya vijenzi 146 vinavyotumika, 45 huwa na namba sita kila kimoja zinazoeleza uhusiano wake na mwezi na jua. Hizo ni namba 270, na moja tu ikikosewa, kijenzi kizima hupotea njia.

Hatua ya tano ni kwenda miaka ya mbali. Kimo cha wimbi la mwezi huongezeka na kupungua kwa takriban asilimia 3.7 katika mzunguko wa miaka 18.6, kufuatana na njia ya mwezi angani. Programu iliyohakikiwa kwa mwaka mmoja tu yaweza kuonekana sahihi huku marekebisho hayo yakiwa hayafanyi kazi. Takwimu za Kilindini, zilizoanza 1986, zinatosha kupima mzunguko mzima na zaidi.

Hatua ya mwisho ni kuirudia bahari yenyewe. Utabiri mpya huwekwa kando ya vimo vilivyopimwa kweli bandarini. Tofauti inayobaki haiwezi kuwa sufuri, kwa kuwa upepo, shinikizo la hewa na joto la maji navyo husogeza bahari. Lakini tofauti hiyo ikiwa bado inapanda na kushuka mara mbili kwa siku, kuna wimbi ambalo programu imelikosa.

KINACHOTEGEMEA NAMBA HIZI

Tofauti hiyo inayobaki ina thamani yake. Mawimbi ya tsunami ya Desemba 26, 2004 yalipoikumba Bahari ya Hindi hadi pwani ya Kenya, njia ya kuyaona kwenye takwimu za vituo ilikuwa kuondoa kwanza kujaa na kupwa kwa kawaida na kutazama kilichosalia. Hesabu ya maji ikiwa na kasoro, kasoro hiyo huingia katika kilichosalia na kuficha dalili ya hatari, au kuzua dalili isiyokuwepo. Vivyo hivyo kwa wanaofuatilia kupanda kwa usawa wa bahari, ambako hupimwa kwa milimita kwa mwaka.

Kwa wakazi wa pande za bara za Mombasa, matumizi ni ya karibu zaidi. Huko Changamwe, gati jipya la mafuta la Kipevu lililozinduliwa 2022 hupokea meli kubwa ambazo kina cha maji chini yake ni jambo la usalama wa mji mzima. Likoni, maji yakikupwa sana mteremko wa kuingilia feri huongezeka, na magari ya chini hupata taabu kupanda. Kisauni na vijiji vya wavuvi vya kaskazini, saa ya kutoka na kurudi mlangoni mwa mwamba huamuliwa na maji.

Jina lenyewe la Kilindini latokana na kilindi, mahali penye maji ya kina. Walioliita hivyo walikuwa wamepima kwa upondo na kwa macho, wakarithisha ujuzi wao kwa maneno. Ujuzi wa leo umeandikwa katika lugha za kompyuta, na lugha hizo huzeeka haraka kuliko Kiswahili.

Taasisi na vyuo vya pwani, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, vina wanafunzi wa kompyuta na wa sayansi za bahari ambao kwao kazi hii ni mazoezi yanayofaa: takwimu zipo, programu za kulinganisha zipo, na bahari ya kuthibitishia majibu iko mlangoni. Linalohitajika ni kuwakutanisha vijana hao na wataalamu walioandika na kuzitumia programu za awali, wakati wataalamu hao bado wapo kueleza ile namba 3 iliyoandikwa bila maelezo iliwekwa kwa sababu gani.